Shangazi, mi napanga mafaili tu

Shikamoo Shangazi. Natumaini u mzima. Hii meseji nimeiandika nikaifuta kama mara tatu hivi, mwisho nikaona niitume ivo ivo ilivyo, ukiona imechanganyika utanisamehe.

Mi ni kijana wa miaka 29, mtunza kumbukumbu kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa nne. Kwa lugha ya ofisini niko masjala, yaani chumba cha mafaili. Nina diploma, nimeajiriwa, mshahara unaingia, sina deni la kutisha, kwa hiyo najua kuna watu watasema huyu nae analilia nini wakati vijana wenzake wamekaa na vyeti nyumbani. Najua. Ndo maana sijawahi kumwambia mtu.

Siku yangu iko hivi. Asubuhi nafungua chumba, kipo nyuma kabisa ukikaribia vyoo, dirisha moja, wavu umejaa vumbi mpaka mwanga unaingia wa kahawia. Barua zinakuja, nagonga muhuri wa kupokea, naandika kwenye regista, natafuta faili lake, napiga pancha, navalisha tagi, naandika namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, pale juu kulia kwa wino mwekundu, napeleka kwa mkubwa. Mkubwa anaandika mstari mmoja faili linarudi, napeleka kwa mkubwa mwingine, nae anaandika mstari mmoja. Jioni yaliyoisha nayarudisha kabatini. Kesho hivyo hivyo. Hakuna barua hata moja niliyoiandika mimi, hakuna uamuzi hata mmoja nilioufanya mimi, makaratasi yanapita tu mikononi mwangu kama maji kwenye bomba. Hata jina langu hawalitumii. Utasikia tu kwenye korido, "Masjala! Niletee faili la fulani." Yaani wanaita chumba, mi ndo naitika.

Na kama hakuna faili la kupeleka natumwa chai.

Sasa kilichonivunja ni mwezi wa nane. Tulienda kujitambulisha kwa kina mchumba wangu, yeye ni mwalimu wa sekondari. Tumekaa sebuleni, wazee wamepokea barua, soda zimefunguliwa, mambo yanaenda vizuri kabisa. Mjomba wake mmoja akaniuliza, mkwe wewe unafanya kazi wapi, nikasema halmashauri. Akafurahi, akasogea na kiti, halmashauri idara gani, ujenzi? Nikasema hapana mjomba, kumbukumbu na nyaraka. Akanyamaza kidogo kama mtu anayepiga hesabu kichwani halafu akasema, "Aaa, kumbe unapanga mafaili." Watu wakacheka. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, na mchumba wangu hakucheka, ila mshenga wangu alicheka Shangazi, mshenga wangu mwenyewe niliyekuja nae! Posa ilipokelewa, hakuna kilichoharibika, lakini toka siku ile ile sauti ninayo, nikishika pancha tu naisikia.

Wenzangu niliomaliza nao form four, mmoja ni nesi wodi ya wazazi, akikutana na mama mtaani mama anamwonyesha mtoto, huyu ulimpokea wewe. Mwingine yuko kwenye barabara, tukipita na bodaboda anasema hiki kipande mpaka pale kwenye daraja nimesimamia mimi. Sasa mi nitamleta nani pale nyuma ya vyoo nimwambie hili kabati nimelipanga mimi?

Na juzi wamekuja watu wa TEHAMA kufundisha mfumo wa ofisi mtandao, barua zote zinaskaniwa zinatembea kwenye kompyuta. Mmoja akanitania, bro siku zako zinahesabika. Tukacheka wote, mi nilicheka kwa sauti kuliko wao.

Nikwambie ukweli nimeanza kulegea. Zamani nilikuwa sitoki ofisini barua haijafungwa. Siku hizi kuna boksi la karatasi za A4 chini ya meza, zile barua ambazo sielewi ni za faili gani au majina yanafanana nazitupia humo, najiambia nitazipanga nikipata nafasi, limejaa sasa na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza. Na hilo ndo linaniuma kuliko hata yule mjomba, kwamba naweza kuacha kufanya kazi kabisa na dunia isijue.

Nimewaza niache nikalime vitunguu. Nimewaza nifungue kibanda cha uwakala wa pesa. Nimewaza nirudi chuo nikasome uuguzi, kitu ambacho mtu akikuuliza unafanya nini unajibu bila kuangalia chini. Nifanyeje?

Ni mimi, Masjala.

*

Marahaba mwanangu.

Pole kwanza kwa hilo la mshenga. Mshenga anacheka? Mshenga kazi yake ni kukupamba hata kama unachunga mbuzi wa jirani, aseme huyu kijana ana mradi wa mifugo. Huyo kabla ya kupeleka mahari mtafutie mbadala.

Sasa nikwambie, sina mpango wa kukwambia kwamba kila kazi ina maana yake. Si kweli. Kuna kazi mtu analipwa na hata yeye akiulizwa leo umefanya nini anaanza kukohoa. Na hata kwenye hiyo yako kuna vipande havina maana yoyote, kwa mfano hilo la kutumwa chai, hilo si utunzaji wa kumbukumbu hata ulipambe vipi, na bahati mbaya kitu cha namna hiyo kikikaa ndani ya siku yako kinaipaka rangi siku nzima, jioni ukirudi nyumbani unajiona ni mtu wa chai aliyepewa na mafaili.

Ila masjala yenyewe hapo umenigusa pabaya. Mimi nina kesi na masjala.

Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba. Alianza kazi 1984 akafariki 2015 akiwa bado kazini, imebaki miaka miwili astaafu. Amehamishwa wilaya tatu, kila alipokwenda faili linamfuata nyuma. Tukamaliza msiba, mahakama ikaniteua msimamizi wa mirathi, nikaanza kufuatilia mafao yake. Nikaambiwa mama kila kitu kipo isipokuwa barua ya kuthibitishwa kazini. Wewe unaielewa, wasomaji wengine niwaeleze, serikalini ukiajiriwa unaanza kwa majaribio, ukimaliza muda wako unaandikiwa barua kwamba umethibitishwa, sasa ile barua haipo. Mtu kafanya kazi miaka 31, kapanda vyeo, mchango umekatwa kwenye mshahara mwezi hadi mwezi, barua za pongezi za Nanenane zipo, lakini kwa mujibu wa faili alikuwa bado yuko kwenye majaribio. Majaribio ya miaka 31! Mpaka leo nikikumbuka sijui nicheke au nilie.

Nimekwenda ile ofisi mara 17. Nimehesabu, tiketi za basi nilikuwa naziweka kwenye mkoba. Na yule kijana wa masjala hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ndo kitu nataka ukielewe, alikuwa mpole ananisalimia vizuri ananipa kiti. Anaingia ndani anatafuta dakika tano, anatoka, mama haipo. Safari ya tisa sijui ya kumi nikamwambia mwanangu hebu niruhusu niingie tutafute wote, akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, haya ni makaratasi ya zamani tu, hayana hata kazi." Hakunijibu vibaya wala hakutaka hongo. Alikuwa anaamini anachosema, kama wewe unavyoamini sasa hivi.

Barua ilikuja kupatikana mwezi wa 14, na haikupatikana kwa sababu kuna mtu aliitafuta. Kulikuwa na mtumishi mwingine, jina la kwanza sawa na la mume wangu, la ukoo sawa, tofauti yao ni herufi moja ya jina la kati. Nae akawa anajiandaa kustaafu, afisa utumishi akapekua faili lake akashangaa huyu mtu kathibitishwa kazini mara mbili, na mara ya kwanza ni mwaka ambao ndo kwanza alikuwa ameajiriwa.

Nimeishika ile barua kwa mkono wangu. Karatasi nyepesi ya taipureta, imegeuka rangi ya chai, matundu mawili pembeni, na pale juu kulia folio 12 kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri ajabu, namba imekaa kama imechorwa. Kuna mtu mwaka 1986 aliipiga pancha vizuri, akaivalisha tagi vizuri, akaiandika namba vizuri, kwenye faili la mtu mwingine. Haikumchukua hata dakika. Mimi nikalipa miezi 14, nikauza cherehani, na kijana wangu wa mwisho akakaa nyumbani muhula mzima.

Kwa hiyo ukiniambia hakuna anayejua kama unafanya kazi au hufanyi nakuelewa, ila nataka ujue kwa nini ni hivyo. Rafiki yako nesi akipokea mtoto, mtoto analia, watu wanasikia. Barabara ikiisha magari yanapita. Faili likiwa sawa hakuna kinachotokea! Mzee anakwenda na fimbo yake anasaini, pesa inaingia, anaenda kununua bati, hata hajui kama kulikuwa na mtu anaitwa wewe. Likiwa halipo sawa ndo utasikia, na mara nyingi hutasikia wewe, atasikia mwenzako atakayekaa kwenye hicho kiti mwaka 2049 na mama mmoja kasimama dirishani na mkoba wa tiketi.

Na si mafao tu. Unakumbuka ule uhakiki wa vyeti, 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi, na katika lile zoezi watumishi wa darasa la saba nao wengi wakatolewa. Baadae 2018 serikali ikasema wale wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudi kazini. Sasa fikiria madereva wawili, walinzi wawili, wa kwanza kaajiriwa mwezi wa pili 2004 na mwenzie mwezi wa nane mwaka huo huo. Huyu anarudi, yule harudi. Kinachowatenganisha ni tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, na ile karatasi isipokuwemo kwenye faili hata yule wa mwezi wa pili atajieleza mpaka jasho limtoke.

Au tuvuke mpaka hapo Kenya. Uhuru unakaribia, 1963, Mwingereza anafunga virago ana mambo mia ya kufanya, lakini muda wa kuhangaika na mafaili kaupata. Mengine walitia moto, mengine kama 1,500 wakapakia wakaondoka nayo, yakaishia mahali panaitwa Hanslope Park huko kwao na kukaa kimya karibu miaka 50. Wazee wa Mau Mau wakafungua kesi London kwa mateso waliyopata kambini, na ni ile kesi ndo ikafanya 2011 Uingereza ikubali hadharani kwamba mafaili yapo. 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Sasa yule bwana mkubwa wa kikoloni angekuwa anaona mafaili kama mjomba wa mchumba wako anavyoyaona angeyaacha pale pale kabatini akapanda meli yake.

Haya nimechangamka sana, nirudi kwako.

Kuhusu mjomba. Mjomba hajakosea, kweli unapanga mafaili, na daktari kweli anaandika dawa na hakimu kweli anasoma makaratasi. Kilichokuuma si lile neno lake mwanangu, ni kwamba ulipolisikia ulikubaliana nae. Siku nyingine mkikaa nae, na mtakaa sana maana unaoa humo, muulize tu taratibu mjomba wewe umestaafu au bado? Kama amestaafu muulize mafao yalichukua muda gani kutoka. Halafu nyamaza, mwache aongee. Nakuhakikishia ataongea mpaka chakula kipoe, kila mstaafu nchi hii ana hadithi yake ya barua iliyokosekana, hasa hawa ambao michango yao ilikuwa kwenye mifuko ya zamani kabla ya kuunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, 2018.

Kuhusu hao wa TEHAMA, usicheke nao tena, kaa nao. Uombe upewe mafunzo ya huo mfumo kabla hata wakubwa hawajaujua. Kompyuta inatafuta kile ulichokiandika, basi. Ukiskani barua ukaipachika kwa mtu mwingine imepotea vizuri zaidi kuliko kwenye kabati, maana kabatini angalau mtu anaweza kujikwaa nayo. Hao vijana wanajua mtambo, lakini pale halmashauri nani anajua kwamba kuna watumishi wawili wa jina moja, au kwamba yule muuguzi aliolewa akabadili jina na barua zake za mwanzo zina jina la baba yake? Hicho kitu kiko kichwani kwako na kwenye kabati lako na hakiko mahali pengine. Wewe umesoma, unajua kuna sheria nzima ya kumbukumbu na nyaraka, Na. 3 ya 2002, Bunge lilikaa likatunga. Ya chai haijatungwa, kwa hiyo hiyo chai ongea na afisa utumishi kistaarabu, mwambie kuna mhudumu wa ofisi na mimi faili zangu zinalala. Na wakikuita Masjala nenda, faili mkabidhi, ila utaje jina lako. Utaonekana unaringa wiki mbili hivi halafu watazoea.

Uuguzi sasa. Kama unaupenda, umewahi kuuguza mtu ukaona hii ndo kazi yangu, nenda, miaka 29 si kitu. Kama unaenda ili mjomba anyamaze usiende, utamaliza chuo na madeni halafu mjomba aseme aaa kumbe unachoma sindano. Ila kuna kitu nimekiona kwenye barua yako, huyo nesi unamwonea wivu kwa sababu ya yule mama anayemwonyesha mtoto. Unataka nyuso. Huko nyuma ya vyoo unashinda na majina tu. Sasa kazi hii hii ipo hospitali, ipo mahakamani, ipo ardhi, na hospitali faili unaloliita lina mwenyewe amekaa kwenye benchi anakutazama, ukilipata anainuka. Uliza kuhusu uhamisho. Na kabla ya hapo, pale pale ulipo, mwombe afisa utumishi akija mstaafu kufuatilia mambo yake ukae nao siku moja, toka asubuhi mpaka anaondoka. Mfuate mtu mmoja mpaka mwisho, hata mara moja kwa mwaka.

Vitunguu sivijibu. Kila anayechoka kazi anataka kulima vitunguu, muulize aliyewahi kuvuna bei imeanguka.

Halafu lile boksi.

Umelitaja haraka haraka katikati ya barua kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Mimi niliposoma hapo nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Jumatatu wahi, fika kabla hawajaanza kuita, funga mlango ulimwage lote mezani. Za semina na mialiko ya mbio za mwenge ziweke pembeni, zitasubiri. Tafuta kwanza za kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za uhamisho, na kama kuna ya mjane au yatima ianze hiyo. Zile za majina yanayofanana usibahatishe, angalia cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kwenye mshahara, kama haipo mpigie mwenyewe simu umuulize jina lako la kati nani. Ukishaambiwa andika jina lote mwanangu, usiandike herufi.